Fizikia na Kemia kwa Fundi wa Mabomba na Gesi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi, au mwanafunzi wa ufundi, ambaye tayari anajua kukata bomba na kukaza kiungo, lakini hajawahi kuelezwa kwa utaratibu kwa nini geji hushuka mahali ambapo hakuna kinachovuja, kwa nini mtungi wa gesi hutoa jasho, au kwa nini mwali wa buluu hugeuka manjano. Mambo hayo yote yana sababu, na sababu zake hazihitaji hesabu nzito. Zinahitaji kuzidisha, kugawanya na subira ya kuandika namba katika daftari kabla ya kushika spana. Fuata hatua kwa mpangilio uliowekwa, kwa kuwa kila hatua hutumia kilichoelezwa kabla yake. Andaa mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, rula, kipimajoto, mizani, geji na daftari. Pale ambapo sheria ya mahali unapofanyia kazi inataka kazi ya gesi ifanywe na mwenye leseni, sheria hiyo hutangulia yote yaliyoandikwa hapa.

Hatua ya 1: Tengeneza kipimo cha maji ulione shinikizo kwa macho

Shinikizo, ambalo kazini huitwa presha, ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Newtoni 1 juu ya mita 1 ya mraba ni paskali 1, kiasi kidogo mno kwa kazi zetu, na ndiyo maana hutumika baa, ambayo ni paskali 100,000, pamoja na milibaa, ambayo ni sehemu ya elfu ya baa.

Chukua mrija wenye urefu wa mita moja na nusu, ukunje uwe kama herufi U, ufunge juu ya ubao, kisha utie maji mpaka yafike nusu ya kila upande. Puliza polepole upande mmoja. Maji yatashuka upande unaopuliza na kupanda upande wa pili, na tofauti ya kimo kati ya pande hizo mbili ndiyo shinikizo la pumzi yako: kila milimita 10.2 ni milibaa 1. Pima tofauti nzima kati ya pande mbili. Anayepima kupanda kwa upande mmoja tu hupata nusu ya jibu, na kosa hilo ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa. Rudia jaribio kwa mrija mpana zaidi uone kwamba upana haubadilishi chochote.

Kabla ya kuendelea, elewa tofauti moja ambayo itahitajika katika hatua ya 6. Geji iliyo mezani husoma sifuri, ingawa hewa inayotuzunguka, kwenye usawa wa bahari, inakandamiza kila kitu kwa takriban baa 1.013. Kwa hiyo geji huonyesha ziada tu iliyo juu ya shinikizo la hewa. Ukijumlisha usomaji wa geji na shinikizo la hewa unapata shinikizo halisi, na kanuni za gesi hukubali shinikizo halisi peke yake. Anayeingiza namba ya geji katika kanuni hizo hupata majibu yasiyo na maana.

Hatua ya 2: Hesabu shinikizo la maji yaliyotulia

Pima kimo cha wima kuanzia uso wa maji ndani ya tangi hadi kwenye mdomo wa bomba, kisha uzidishe mita hizo kwa 0.098, jibu ni shinikizo kwa baa. Uso wa maji ulio mita 6 juu ya bomba hutoa baa 0.59, liwe tangi la lita 200 au la lita 10,000. Mteja anayetaka tangi pana zaidi ili maji yatoke kwa nguvu aelezwe kwa upole kwamba upana humwongezea akiba ya maji, wala si nguvu. Kinachoongeza nguvu ni kulipandisha tangi, au kuweka pampu.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi kinyume. Geji ya chini ya jengo ikisoma baa 2, basi kwenye ghorofa iliyo mita 15 juu zitabaki takriban baa 0.53, na hapo ni kabla ya maji kuanza kutembea.

Hatua ya 3: Chagua kipenyo ukijua gharama ya msuguano

Maji yanapotembea hupoteza shinikizo kwa msuguano. Kwa mwendo wa kawaida wa maji katika mabomba, ambao ni wa msukosuko, upotevu huo huongezeka takriban kwa mraba wa kasi, hivi kwamba kasi ikiongezeka maradufu upotevu huwa mara nne. Kwa kiasi kilekile cha maji kwa dakika, upotevu hubadilika takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo cha ndani. Punguza kipenyo nusu, na upotevu utaongezeka takriban mara 32. Kwa lugha ya kazini, kutoka kipenyo cha ndani cha milimita 20 kwenda milimita 25 hupunguza upotevu hadi karibu theluthi moja, na huenda hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi katika nyumba nzima kuliko hiyo nyongeza ya milimita 5 kwenye bomba kuu.

Kasi kubwa ina madhara mengine. Vali ikifungwa ghafla, maji yaliyokuwa yakikimbia husimama, na mwendo wao hugeuka kuwa wimbi la shinikizo linalorudi nyuma ndani ya bomba. Mwaka 1898 mtaalamu wa Urusi Nikolai Joukowsky alionyesha kwamba ongezeko hilo ni densiti ya maji mara kasi ya wimbi mara badiliko la kasi ya maji. Katika bomba la chuma wimbi husafiri kwa takriban mita 1,300 kwa sekunde, kwa hiyo maji ya mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo huzaa pigo la baa 13 juu ya shinikizo lililokuwepo. Mlio unaosikika ukutani mashine ya kufulia inapofunga vali yake ndio pigo hilo. Dawa yake ni bomba pana zaidi, vali inayofunga polepole, au kizuia pigo chenye hewa karibu na vali.

Hatua ya 4: Acha nafasi ya kutanuka

Zidisha urefu wa bomba kwa badiliko la jotoridi na kwa kipimo cha kutanuka cha kitu husika. Kwa bomba la mita 10 linalopanda nyuzijoto 50, chuma hurefuka takriban milimita 6, shaba milimita 8.5, na plastiki ya PPR karibu milimita 75. Fundi aliyezoea chuma, ambaye hufunga PPR ya maji moto kwa vishikizo vilivyokazwa kote, atarudi kuikuta imepinda kama nyoka. Weka vishikizo vinavyoruhusu kuteleza, na uweke kona au kitanzi cha kumeza urefu huo.

Maji yenyewe hutanuka pia. Lita 150 zilizopashwa kutoka nyuzijoto 10 hadi 60 huongezeka takriban lita 2.5, na kwa kuwa maji hayakubali kubanwa, lita hizo zisipopata pa kwenda hulisukuma tangi la hita kutoka ndani. Vali ya usalama inayodondosha matone wakati hita inapasha moto inaweza kuwa inatimiza wajibu wake kwa usahihi, kamwe usiizibe. Vali hiyo ikizibwa na kidhibiti joto kikikwama, maji hupita nyuzijoto 100 yakiwa bado maji, na siku tangi litakapopasuka sehemu yake itageuka ghafla kuwa mvuke unaochukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyokuwa nayo.

Hatua ya 5: Kagua vitu vinavyogusana

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji huwa betri. Zinki ina volti -0.76 na shaba +0.34 katika orodha ya metali, tofauti ya volti 1.10, na katika ndoa hiyo zinki ndiyo inayoliwa, kisha chuma kilichokuwa chini yake. Usiunganishe bomba la shaba moja kwa moja na bomba la chuma lililopakwa zinki. Weka kati yao kiungo kisichopitisha umeme. Vilevile usiitangulize shaba kwenye mkondo wa maji mbele ya chuma chenye zinki, kwa sababu chembe za shaba zilizoyeyuka husafiri na kutua juu ya zinki, zikiwasha betri ndogondogo mbali na kiungo ulichokilinda.

Kiungo cha PVC si cha gundi kwa maana ya kawaida. Dawa inayopakwa huyeyusha uso wa bomba na uso wa soketi, na dawa inaporuka hewani vitu viwili hubaki kitu kimoja. Ndiyo sababu sehemu zote mbili lazima ziwe safi na kavu, na ndiyo sababu kiungo kinahitaji muda kabla ya kutiwa maji. Mvuke wa dawa hiyo hushika moto na ni mzito kuliko hewa, basi usiitumie ndani ya shimo lisilopitisha hewa.

Anayechomelea kwa gesi aongeze tahadhari mbili. Oksijeni chini ya shinikizo inaweza kuiwasha grisi au mafuta bila cheche, kwa hiyo nyuzi za regulata, yaani kidhibiti shinikizo, ya oksijeni hazipakwi mafuta hata kidogo. Asetilini nayo, ikikutana na shaba tupu, hutengeneza kampaundi inayolipuka kwa kuguswa. Usitumie kipande cha bomba la shaba kuunganisha mipira ya asetilini, hata kwa muda mfupi.

Hatua ya 6: Jaribu bomba, na uisome geji pamoja na kipimajoto

Mabomba ya maji jaribu kwa maji. Hewa iliyobanwa huhifadhi nishati kama springi, na kiungo kikiachia chini ya baa kadhaa za hewa huruka kama risasi, ilhali maji hupoteza shinikizo mara tu yanapopata upenyo. Toa hewa yote kwanza, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ya bomba la maji huwa springi hiyohiyo, na pia huficha mvujo mdogo. Mabomba ya gesi, ambayo maji hayatakiwi ndani yake, hujaribiwa kwa hewa au naitrojeni kwa shinikizo linaloruhusiwa na kanuni. Kamwe usitumie oksijeni.

Sasa tuje kwenye jambo lililonigharimu nusu siku nilipokuwa mwanafunzi. Bomba la gesi nililolijaribu asubuhi lilikuwa limeshuka ilipofika saa ya mawingu, nikafungua viungo vyote na kuvifunga upya, na jioni likasoma vilevile. Hakuna kiungo kilichokuwa na kosa. Hewa ilikuwa imepoa tu.

Gesi iliyofungiwa katika nafasi isiyobadilika hufuata kanuni hii: shinikizo halisi hupanda na kushuka kwa uwiano uleule na jotoridi halisi, yaani nyuzijoto za Selsiasi ukiongeza 273. Chukua bomba lililojazwa hadi milibaa 50 za geji, kwenye usawa wa bahari, kwa nyuzijoto 28. Shinikizo halisi ni 1,013 kujumlisha 50, yaani 1,063. Jotoridi halisi ni 301. Bomba likipoa hadi nyuzijoto 25, jotoridi halisi huwa 298, na shinikizo jipya ni 1,063 mara 298 gawanya kwa 301, yaani takriban 1,052. Geji itasoma karibu milibaa 39. Milibaa 11 zimeondoka bila hata punje ya hewa kutoka. Kwa shinikizo dogo kama hili, kila nyuzi moja hubeba takriban milibaa 3.5, ambazo katika mrija wa maji ni karibu milimita 36, na hakuna fundi asiyeshtuka akiona hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Jaza bomba, kisha subiri hewa ya ndani ipate jotoridi la bomba, kwa sababu pampu huipasha hewa inapoibana. Funga kipimajoto kwenye ngozi ya bomba, ukikifunika kitambaa, na uandike jotoridi, shinikizo na saa. Mwishoni andika tena vyote vitatu. Piga hesabu ya shinikizo linalotarajiwa kwa jotoridi jipya, ulilinganishe na ulichosoma, na tofauti itakayobaki ndiyo ya kutiliwa shaka. Katika jaribio la saa nyingi kumbuka kwamba shinikizo la hewa nalo hubadilika: hewa ya nje ikipanda milibaa 2, geji hushuka milibaa 2. Epuka bomba linalopigwa na jua upande mmoja, kwa sababu hapo hakuna kipimajoto kimoja kitakachosema kweli yote.

Ikibaki tofauti, paka maji ya sabuni kila kiungo na utazame mapovu. Moto haupelekwi kutafuta mvujo wa gesi, uwe wa kiberiti au wa kitu kingine chochote.

Hatua ya 7: Ijue gesi iliyo ndani ya bomba

Uzito wa gesi ukilinganishwa na hewa hupatikana kwa hesabu ya molekuli. Kaboni huhesabiwa 12 na hidrojeni 1. Hewa kwa wastani ni 29. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina kaboni 1 na hidrojeni 4, jumla 16, kwa hiyo hupanda. Propani ina kaboni 3 na hidrojeni 8, jumla 44, mara moja na nusu ya hewa. Butani ina kaboni 4 na hidrojeni 10, jumla 58, mara mbili ya hewa. Gesi za mtungi ni propani na butani, nazo hushuka sakafuni, huingia mashimo ya maji machafu, na hukaa huko zikisubiri cheche. Amua mahali pa matundu ya hewa na kitambua gesi kwa namba hizo: chini kwa gesi ya mtungi, juu kwa gesi asilia.

Ndani ya mtungi gesi imekaa kama kimiminika, na juu yake pana mvuke. Propani huchemka kwa nyuzijoto -42, butani kwa -0.5, na kwa nyuzijoto 20 mvuke wa propani tupu husukuma kwa zaidi ya baa 7 za geji, wakati wa butani tupu ni takriban baa 1. Maadamu kuna kimiminika, shinikizo hilo hufuata jotoridi na mchanganyiko wa gesi, wala halifuati kiasi kilichobaki. Geji ya mtungi basi haikuonyeshi gesi imebaki kiasi gani. Mizani ndiyo huonyesha. Ukitumia gesi kwa kasi, kimiminika huchemka na kujinyonyea joto kutoka kwenye chuma, mtungi hupoa, unyevu wa hewa hugeuka matone juu yake kama jasho, na shinikizo hushuka. Usiupashe kwa moto. Unganisha mitungi miwili kwa pamoja ili kila mmoja uchemke polepole zaidi.

Mtungi husimama wima. Ukilazwa, kimiminika huingia katika regulata, na lita 1 ya kimiminika hutoa lita 240 hadi 270 za gesi. Kimiminika nacho hutanuka kikipata joto, kama maji ya hatua ya 4, kwa hiyo mtungi haujazwi kimiminika hadi juu; kiwango kinachofuatwa kwa kawaida ni takriban asilimia 80.

Propani hushika moto ikiwa kati ya asilimia 2.1 na 9.5 ya hewa, butani kati ya 1.8 na 8.4, methani kati ya 5 na 15. Chumba cha mita 30 za ujazo kinahitaji lita 630 tu za propani kufikia mpaka wa chini, nazo hutoka katika kilo moja na kidogo ya kimiminika. Lakini gesi haisambai sawasawa kwanza, kwa hiyo karibu na sakafu hatari hufika kwa kiasi kidogo zaidi. Gesi hizi hazina harufu yake. Harufu kali tunayoijua huongezwa, mara nyingi kwa kemikali yenye salfa iitwayo ethili merkaptani. Mwaka 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kutokana na gesi asilia isiyotiwa harufu, na karibu watu 300, wengi wao watoto, wakafa. Msiba huo ndio uliosukuma sheria za kutia harufu. Hata hivyo pua huchoka, na aliyekaa chumbani kwa muda anaweza asiinuse tena, kwa hiyo mwulize aliyetoka kuingia.

Hatua ya 8: Washa, na uusome mwali

Propani inapoungua kikamilifu, molekuli 1 hutumia molekuli 5 za oksijeni na kutoa 3 za kaboni dioksidi na 4 za maji. Hewa ina oksijeni asilimia 21, kwa hiyo kila mita 1 ya ujazo ya propani hudai karibu mita 24 za ujazo za hewa. Butani hudai karibu 31 na methani karibu 10. Kila kilo ya propani hutoa kilo 1.6 za maji, na hayo ndiyo yanayotiririka juu ya vioo vya chumba kisicho na tundu la kutolea hewa. Ukiona vioo vinalia wakati hita ya gesi inawaka, usivifute ukaondoka. Tafuta kwanza moshi unakokwenda.

Hewa ikipungua, kaboni haipati oksijeni yake yote. Sehemu hubaki masizi, ambayo huwaka manjano ndani ya mwali na kuchafua sufuria, na sehemu huwa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Aliyeanza kudhurika huumwa kichwa na kusinzia, akadhani ni uchovu. Uzito wake ni 28 kwa 29 ya hewa, kwa hiyo huchanganyika chumba kizima, na kulala chini hakumwokoi mtu.

Mwali ukiwa wa manjano, zima, safisha jeti, yaani tundu dogo linalotoa gesi, na mlango wa hewa wa kichomeo, ambako mara nyingi buibui na vumbi hujenga. Hakikisha pia kwamba jeti ni ya gesi hiyo. Mita ya ujazo ya propani ina nishati takriban mara mbili na nusu ya ile ya methani, kwa hiyo jeti ya methani ikipewa propani huleta mwali mrefu unaokosa hewa. Mwali ukiruka kutoka kwenye kichomeo, shinikizo au hewa imezidi. Ukirudi ndani kwa mlio, gesi inatoka polepole kuliko mwali unavyokimbia, basi pima shinikizo la gesi kwa mrija wako wa U.

Mwisho, funga milango na madirisha yote ya chumba, washa feni za kutolea hewa kama zipo, uwashe kifaa, na baada ya dakika kadhaa usogeze ubani unaofuka karibu na mdomo wa bomba la moshi. Moshi ukivutwa kuingia ndani, bomba linafanya kazi. Ukisukumwa kuja usoni kwako, zima kifaa, fungua madirisha, na usikiache kitumike mpaka chumba kipate tundu la hewa linalotosha na bomba la moshi lipate njia iliyo wazi.